Kuvuta ni Nusu ya Kazi: Misuli ya Mbeba Mzigo

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa parokia, Kadutu, Bukavu, mbele ya wabeba mizigo wa soko na jamaa zao. Imeandikwa kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ya kuingia.)

Jambo wamama, jambo wababa. Vijana mliosimama mlangoni, huku mbele kuna benchi mbili tupu. Ingieni tu, sina desturi ya kuwauliza watu maswali.

Walionialika hawakuzunguka. Waliniambia hivi: "Tunakuja kwako na mgongo, tunakuja na magoti, unatukanda, tunarudi sokoni, halafu tunarudi tena kwako. Leo utueleze basi hiki kinachouma ni kitu gani." Ombi la haki kabisa. Hapa mjini kwetu kuna wanawake wanaopandisha unga, makaa na mihogo kutoka ziwani hadi sokoni kwa mkanda wa paji la uso, na mara nyingi mzigo una uzito kuliko aliyeubeba. Mtu anayekula kwa nguvu za mwili wake asinyimwe habari za mwili huo eti kwa kuwa hakusoma biolojia.

Kwa hiyo nitazungumza juu ya msuli. Na nitawaambia mapema ninakoelekea, ili mkichoka njiani mjue mlikuwa mnapelekwa wapi. Sisi sote tunausifu msuli kwa kukaza. Kijana akikunja mkono, tunatazama uvimbe na kupiga makofi. Mimi naona sifa hiyo imeenda upande mmoja. Kazi ya msuli ni mbili, kuvuta na kuachia, na ile ya kuachia ndiyo yenye gharama, ndiyo inayoharibika kwanza, na ndiyo inayowaleta kwangu.

Mkichemsha nyama ya ng'ombe muda mrefu, inachambuka nyuzi nyuzi. Kila uzi mnaouona kwa macho ni fungu la nyuzi nyembamba zaidi, na kila mmoja wa hizo nyembamba ni seli moja. Seli ya ajabu kidogo: nyingi za mwilini hazionekani kwa jicho tupu, lakini hii inaweza kuwa na urefu wa sentimita kadhaa, na ina viini mamia kwa mamia badala ya kimoja, kwa sababu iliundwa na seli ndogo nyingi zilizoungana tangu mtoto yuko tumboni. Ukiiweka chini ya hadubini unaona mistari, wa giza, wa mwanga, wa giza, wa mwanga, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo misuli ya mifupa, inayoshikamana na mfupa kwa kano. Mtu ana zaidi ya 600. Kwa mwanamume mzima inakaribia asilimia 40 ya uzito wake. Kwa mwanamke ni pungufu kidogo.

Sasa, misuli hii yote haina uwezo wa kusukuma. Hata mmoja. Ukisukuma gari lililozimika pale Nyawera, unayeona ni mtu anayesukuma, lakini ndani yake kila msuli unavuta: ule wa nyuma ya mkono unavuta kiwiko mpaka kinyooke, ule wa mbele ya paja unavuta goti mpaka linyooke. Ndiyo maana misuli imepangwa kwa kupingana. Mmoja unakunja, mwingine unanyoosha. Na hapa ndipo kuachia kunapoingia kwa mara ya kwanza, kwa sababu wa mbele hauwezi kukunja kiwiko kama wa nyuma umekataa kulegea. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1932, ndiye aliyeonyesha kwamba amri ya "vuta" inapofika kwenye msuli mmoja, ndani ya uti wa mgongo msuli unaoupinga hutulizwa wakati huohuo. Wewe hujui, hufikirii, lakini kila hatua unayopiga ina amri hizo zote.

Mkitaka kuona mtu asiye na ile amri ya kutuliza, mmeshamwona: ni mgonjwa wa pepopunda. Sumu ya kijidudu chake inapanda kwenye neva mpaka uti wa mgongo na kuziba ile sauti inayosema "achia". Misuli yenyewe ni mizima! Inavuta yote kwa pamoja, na yenye nguvu inashinda: taya linafunga, mgongo unapinda kama upinde. Kwa hiyo mama mjamzito anapoitwa kuchomwa chanjo ya pepopunda, asione ni usumbufu wa wauguzi. Anachanjwa yeye na mtoto wake.

Kuna na ugonjwa wa konzo, ambao daktari Trolli aliuelezea mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi ya nchi yetu ya Kongo, na ambao umeonekana hata huku Kivu ya Kusini. Mtoto au mama analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haitarudi kama zamani. Watu huleta mtoto nimkande. Nitamkanda, nitamnyoosha, nitamtafutia fimbo za kutembelea, lakini nisiwadanganye: tatizo haliko kwenye msuli. Limetoka kwenye muhogo mchungu ulioandaliwa haraka haraka, ukaliwa siku nyingi bila maharage wala samaki, na sumu yake ikaharibu neva za ubongo zinazoiongoza miguu. Muhogo mchungu uloweshwe siku tatu, uanikwe jua kali. Najua wakati wa shida mtu anapunguza hizo siku. Ndio wakati ambao konzo inatokea.

Turudi ndani ya uzi wa msuli, maana hapa pana utamu.

Mmewaona wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, usiku, mitumbwi mitatu imeunganishwa, wanavuta kamba ya wavu. Mkono unashika, unavuta, unaachia, unashika mbele zaidi, unavuta tena. Ndani ya msuli kuna nyuzi mbili za protini: nyembamba inaitwa aktini, nene inaitwa miosini. Miosini ina vichwa vingi vidogo, na kila kichwa kinafanya kazi ya mkono wa mvuvi juu ya kamba ya aktini. Nyuzi zenyewe hazifupiki hata kidogo. Zinapishana tu, moja inateleza kando ya nyingine, na kwa kupishana huko msuli mzima unakuwa mfupi. Mashine hii imepangwa vipande vipande, vidogo kiasi kwamba kwenye milimita moja vinaingia zaidi ya 400. Ndiyo ile mistari ya giza na mwanga. Maelezo hayo yalitoka mwaka 1954, makundi mawili kwa mpigo, katika toleo lilelile la jarida la Nature: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande wa pili. Akina Huxley hao wawili hawakuwa ndugu, msije mkafikiri ni mambo ya ukoo.

Lakini mvuvi asiyeachia atavuta mara moja tu, kisha atabaki palepale ameng'ang'ania kamba. Je, kichwa cha miosini kinaachiaje? Kinaachia kwa kulipwa. Chakula chenu, bugali, maharage, sombe, kinageuzwa mwilini kuwa kitu kidogo kiitwacho ATP, na ATP inapofika kwenye kichwa cha miosini, jambo la kwanza kinalofanya kichwa hicho ni kuachia. Kisha ATP inavunjwa, na nguvu yake inakitega kichwa tayari kwa mvuto mwingine. Bila ATP kuna kushika, hakuna kuachia.

Ushahidi mnao, wale mliowahi kuosha maiti. Mtu aliyekufa sasa hivi analegea. Saa chache baadaye taya linakaza, shingo, kisha viungo vyote, na ukichelewa kumnyoosha mikono inakuwa taabu. Amepata wapi nguvu za kukaza? Hajapata. ATP imekwisha, vichwa vya miosini vimeshika, na hakuna malipo ya kuviachisha. Baada ya siku moja au mbili analegea tena, kwa kuwa protini zenyewe zimeanza kuoza. Mwili ulio hai ndio unaoweza kulegea kwa hiari yake.

Na malipo ni mara mbili. Amri ya ubongo inashuka kwenye neva, inafika kwenye msuli, inauamsha kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na ndani ya msuli kalsiamu inamwagika. Kalsiamu ndiyo inayofungua njia ili vichwa vishike. Ili msuli ulegee, kalsiamu yote hiyo irudishwe ghalani kwake, na pampu zinazoirudisha nazo zinakula ATP. Akiba ya ATP iliyo tayari ndani ya msuli inatosha sekunde chache tu za kazi kali. Baada ya hapo msuli unaitengeneza upya kila wakati, kwa sukari, kwa mafuta, kwa oksijeni. Mbeba mzigo anaposimama katikati ya mlima na kuegemea ukuta, wapita njia wanasema anapumzika. Kazi kubwa inaendelea ndani yake.

Nimesema habari za msuli unaotii. Una ndugu wawili wasiotii.

Wa kwanza ni moyo. Una mistari kama misuli ya mifupa, unatumia aktini na miosini zilezile, lakini seli zake ni fupi, zina matawi, na zimeunganishwa kiasi kwamba umeme unapita kutoka moja hadi nyingine na wote unajikaza kwa pamoja. Hausubiri ubongo. Una mahali pake pa kuanzishia mapigo. Neva zinaweza kuuharakisha au kuupunguza, basi. Hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Kule London, katika miaka ya 1880, daktari Sydney Ringer alikuwa akichunguza moyo wa chura, nao ulidunda vizuri ndani ya maji yake ya chumvi. Baadaye akagundua kwamba maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba, yenye kalsiamu. Alipotumia maji yaliyosafishwa kabisa, moyo ukadhoofika ukanyamaza. Ndivyo tulivyojua kwamba hata moyo unaongozwa na kalsiamu.

Tofauti kubwa ninayotaka muione ni hii. Mkono wako unaweza kubaki umekunja ngumi kwa dakika nzima, kwa sababu amri zinakuja mfululizo na msuli wa mfupa unazipokea moja juu ya nyingine. Moyo hauwezi. Ukishapiga pigo moja, unakataa amri mpya mpaka uwe karibu kumaliza kulegea. Na ingekuwa balaa usingekataa: moyo uliokaza bila kuachia haujai damu, na usipojaa hauna cha kusukuma. Tena ukuta wake wa kushoto, ule mnene, unapata damu yake wenyewe hasa wakati umelegea, maana ukikaza unaibana mishipa yake. Yaani moyo unakula kati ya pigo na pigo. Ukikimbia sana, muda wa kula ndio unaopunguzwa zaidi. Kwa hiyo ukifika juu na kifua kinagonga, usichukue mzigo wa pili mpaka pumzi irudi. Anayewaharakisha hapo hajui anachoomba.

Ndugu wa pili ni misuli laini. Haina mistari; seli zake ni ndogo, nyembamba huku na huku, na kiini kimoja kimoja. Iko kwenye utumbo, kibofu, njia za pumzi, mishipa ya damu, na mfuko wa uzazi. Ni ya polepole, na ina kipaji ambacho wa mfupa hauna: inaweza kushika kwa saa nyingi kwa chakula kidogo sana, vichwa vyake vikiwa vimekamata bila haraka ya kuachia. Mishipa yenu ya damu imeshika hivyo tangu asubuhi na hamjachoka nayo. Lakini ikishika kupita kiasi, presha inapanda. Njia za pumzi zikishika, ni pumu, na ile dawa ya kuvuta kinywani kazi yake ni kuiambia misuli laini ilegee.

Mfuko wa uzazi, wamama, mnaujua kuliko mimi. Usipokuwa na mimba una uzito wa gramu 60 au 70. Mimba ikitimia, kuta zake zinafika karibu kilo moja. Hakuna mazoezi yatakayoufanya msuli wa mfupa ukue hivyo kwa miezi tisa. Na uchungu wenyewe unakujaje? Unakaza, unaachia. Ukikaza, damu inayokwenda kwenye kondo inapungua. Ukiachia, inarudi, na mtoto anapata hewa. Mama anayepewa dawa ya kuongeza uchungu bila kuangaliwa anaweza kunyimwa huo mwanya. Lakini mtoto na kondo wakishatoka, mambo yanageuka: sasa mfuko ukaze na ubaki umekaza, kwa sababu nyuzi zake ndizo zinazobana mishipa iliyoachwa wazi. Ukilegea hapo, mama anamwaga damu, na hiyo ndiyo sababu inayoongoza ya kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa. Mkunga anayekubonyeza tumbo baada ya kuzaa hakuonei.

Kuna mahali ndugu hawa wanakutana, na nitapasema wazi ingawa kuna wababa humu. Kibofu ni msuli laini, hakikusikilizi. Ila mlango wake wa nje, na misuli yote iliyo chini ya nyonga inayoshikilia mfuko wa uzazi, ni misuli ya mifupa. Hiyo inakusikia. Mwanamke aliyejifungua majuzi akirudi kwenye mzigo mzito, anaielemea misuli ambayo bado imechoka na kunyooka. Ndipo mkojo unaponyemelea, ndipo kizazi kinaposhuka. Inafundishika: unaikaza kama mtu anayezuia mkojo, sekunde chache, kisha unaiachia kabisa kabla ya kukaza tena. Wengi wanasahau hiyo ya pili, wanakaza juu ya kukaza, na misuli inauma bila kupata nguvu.

Sasa milima yetu. Mji huu uko kama mita 1,500 juu ya bahari na tambarare yake ni kidogo. Kila mmoja wenu anaogopa kupanda. Mimi nasema ogopeni kushuka.

Ukipanda, misuli ya mbele ya paja inakaza huku ikifupika. Ukishuka, misuli ileile inakaza huku ikirefushwa na uzito, inafunga breki. Mwaka 1952 watafiti watatu wa Uingereza, Abbott, Bigland na Ritchie, waliunganisha baiskeli mbili zikapeana mgongo: mmoja anapiga pedali mbele, mwenzake anazizuia zisizunguke nyuma. Nguvu ni sawa pande zote, lakini anayezuia alitumia oksijeni kidogo sana. Brenda Bigland, mwanamke mwenye umbo dogo, aliweza kumchosha mwanamume mkubwa kwa kumzuia tu. Sababu ni kwamba wakati wa kuzuia, vichwa vya miosini haviachi kwa kulipwa ATP. Vinang'olewa kwa nguvu kutoka kwenye kamba. Ni nafuu kwa pumzi. Ila kinachong'olewa kinaumia, na nyuzi zinapata michaniko midogo sana. Ndiyo maana unashuka na mzigo bila kuhema, unalala vizuri, na kesho yake au keshokutwa ngazi za nyumbani zinakuwa adui.

Watu husema ni asidi imejaa mguuni. Hapana. Hiyo mnayoiita asidi inaondoka ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya siku ya pili ni ya ukarabati. Pembeni ya kila uzi wa msuli wa mfupa kuna seli ndogo za akiba, alizozielezea Alexander Mauro mwaka 1961, na hizo zinaamka, zinaongezeka, zinaziba palipochanika. Moyo hauna akiba ya namna hiyo ya kutegemea. Ukifa sehemu, inabaki kovu. Misuli ya mapaja yenu inapona, tena ikishazoea mteremko maumivu yanapungua kila mara, mradi mwenye nayo asiirudishe mlimani na mzigo uleule kabla haijamaliza. Kwa hiyo anayeanza kazi hii asianze na gunia zima. Na kwenye kushuka, hatua ziwe fupi, goti lisiwe limenyooka kama mti.

Mwisho niongee juu ya ule mkanda. Mwaka 1986 profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake waliwapima wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa mkanda wa paji kama ninyi. Walikuta kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya oksijeni hata kidogo, pengine kwa sababu ya namna walivyojifunza kutembea tangu utotoni. Dunia ikashangaa. Naipenda habari hiyo, lakini naichukia inavyotumiwa, kwamba "mwanamke wa Kiafrika hachoki". Fanyeni hesabu. Kwa mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Juu ya hapo gharama inapanda pamoja na mzigo, kama kwa binadamu yeyote. Ninyi mnabeba mara tano ya hizo, kwenye mteremko, na shingo ndiyo inayoshika. Misuli ya shingo inashika tu, haivuti wala haiachii, na msuli wa mfupa haukuumbwa kama ule laini. Ukishika bila mwanya unaibana mishipa yake na kujinyima damu. Kila mnapotua mzigo, hata kwa muda wa salamu, vueni mkanda kabisa. Msiuache kichwani ukiwa mtupu kwa uvivu wa kuufunga tena. Na wanaowapakia, ambao wengine nawaona humu, wagawe gunia katika safari mbili na walipe safari mbili.

Nina kipimo cha presha mezani pale karibu na mlango, na mwenzangu atapima bure mpaka saa kumi. Wajawazito na waliojifungua karibuni watangulie. Wengine, kama kuna swali, mikono juu. Ndiyo, mama wa kitenge cha kijani, anza wewe.